Milango Miwili ya Brigedia

Edna tulimwacha kwenye ngazi za kushukia chumba cha chini, sinia mkononi, vikombe vikigongana, na sauti ya shemeji yake ikimfikia kabla hajamaliza kushuka. Kama hukuwa nasi wiki iliyopita, maneno aliyoyasikia ni haya:

"Brigedia ameshanihakikishia. Kesho asubuhi kaka yangu anapelekwa uwanja wa ndege wa Dulles, na jioni yuko angani."

Kaka anayesemwa ni Gwakisa, mume wa Edna, marehemu. Aliyesema ni Ambakisye, mdogo wa marehemu. Na Brigedia ni Elisante, baba mzazi wa Edna, mwanajeshi mstaafu na mwenye hii nyumba ya hapa Bowie, Maryland.

Sasa sikiliza. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, Jumapili, kabla ya ibada, Brigedia huyo huyo alimshika binti yake bega akamwambia, "Kesho tunamzika mumeo hapa hapa Maryland, karibu na wewe na mtoto. Nimemaliza kila kitu."

Maiti ni moja, ahadi ni mbili.

Sinia liliinama, chai ikamwagikia vidole. Ilikuwa chai ya kuchemka, imetoka jikoni sasa hivi. Hakusikia kitu. Tangu Gwakisa alipoanguka kazini, sare yake ya ulinzi ikiwa mwilini, Edna hajui moto wala baridi. Watu kanisani wanasema amejikaza. Hajajikaza. Amekufa ganzi, na ganzi si ushujaa, msimsifu bure.

Aligeuka akarudi jikoni, akaweka sinia mezani.

Jikoni mle kuna milango miwili. Wa kushoto unakwenda sebuleni, na sebuleni walikaa Wairimu na mumewe Simiyu na Wakenya wenzao. Wa kulia unashuka chini, na chini kuna mlango mwingine wa kutokea bustanini, ambako Ambakisye na watu wake waliingilia. Brigedia aliwaambia waegeshe magari barabara ya nyuma, ati mbele kumejaa.

Utauliza, watu wa juu hawakusikia sauti za chini? Walizisikia. Lakini nyumba ya msiba haina mgeni. Watu huingia, hulia, hula, huosha vyombo, huondoka. Anayeuliza sauti ile ni ya nani huonekana hana adabu.

Na hawa wote walitaka nini? Jumamosi ijayo kuna uchaguzi wa Umoja wa Potomaki, chama cha Waafrika Mashariki wa huku, katika ukumbi wa kanisa kule Takoma Park. Umoja umegawanyika. Watu wa udongo, akina Wairimu, wanasema wafu wetu wazikwe huku huku, watoto wapate kaburi la kulitembelea. Watu wa ndege, akina Ambakisye, wanasema mtu hulala kwao. Brigedia amekuwa mwenyekiti mara sita, anataka mara ya saba, na hawezi kuipata bila kambi zote mbili.

Maiti ya kwanza kuwapata katikati ya ugomvi huo ilikuwa ya mkwewe mwenyewe.

Mlango wa kulia ukafunguka. Brigedia akapanda, akaufunga nyuma yake kwa kisigino. Mzee mrefu, mgongo umenyooka mpaka leo, shati jeupe limepigwa pasi. Mkono wake mmoja ulishika tumbo.

"Edna, chai ya chini mbona haifiki?"

"Ilimwagika."

"Tengeneza nyingine." Kisha akapaza sauti ili isikike kila upande. "Tumbo, mwanangu. Tumbo linaniendesha tangu asubuhi. Naingia chooni, narudi."

Hakuingia chooni. Alilainisha shati, akafungua mlango wa kushoto, na Edna akamsikia akisema kwa upole, "Samahanini ndugu zangu, ni hili tumbo. Tulifikia wapi?"

Edna alibaki anautazama mlango. Alilijua lile tumbo. Alilijua tangu utoto.

Hapa inabidi nikurudishe nyuma kidogo, nisamehe. Brigedia Elisante alizaliwa milimani Upare, mtoto wa mkulima asiye na jina. Akaingia jeshini, akavuka Kagera vitani akiwa luteni kijana, akapanda cheo kwa cheo. Alipostaafu akapewa ukuu wa wilaya, akaonja siasa, ikamnogea. Akagombea ubunge, akaangushwa na chama chake kwenye kura za maoni. Akaona aibu, akamfuata binti yake Amerika. Nako akakuta kuna uenyekiti.

Katika maisha yake yote alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwiga, na mtu huyo alikufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Gayo Mario, jemadari wa Roma.

Watoto wenzake Edna kule kambini walisimuliwa sungura na fisi. Edna alisimuliwa Mario. Mario asiye na ukoo mkubwa, aliyetoka kijijini akaingia jeshini. Mario aliyekula mkate wa askari wake na kuchimba handaki pamoja nao. Mario aliyewabebesha askari mizigo yao wenyewe mpaka wakaitwa nyumbu wa Mario. Akashinda Afrika, akawashinda na watu wa kaskazini walioitisha Roma nzima, na wananchi wakamchagua kuwa konsuli, mkubwa wa dola, mara saba. Saba. Inasemekana utotoni aliokota makinda saba ya tai, na waaguzi wakasema atashika ukubwa mara saba. Brigedia alipenda sana kulitamka hilo saba.

Na hadithi iliyomchekesha Edna kuliko zote ilikuwa ya milango miwili. Mario, konsuli mara ya sita, usiku mmoja alikuwa na wageni wa aina mbili wanaochukiana kufa. Wakubwa wa mji waliingia mlango huu. Mchochezi wa wananchi, rafiki yake, aliingia mlango ule. Hakuna aliyejua mwenzake yumo. Mario akawa anakimbia huku na huku, na kila anapoondoka anasema, samahanini, tumbo la kuhara.

Hapo baba na mtoto walicheka mpaka mama akawagombeza walale.

Sasa mtoto amekuwa mjane, na mchezo unachezwa jikoni mbele ya macho yake.

Brigedia alirudi kutoka sebuleni. Edna hakuinua macho kutoka kwenye birika.

"Baba, hilo tumbo ni la Mario."

Mzee alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. "Unakumbuka."

"Nakumbuka."

"Basi unajua ni kazi ya muda mfupi. Usiniharibie."

"Gwakisa anakwenda wapi kesho?"

"Edna, Jumamosi kuna kura."

"Nimeuliza kesho."

"Marehemu hana haraka, mwanangu. Wenye haraka ni sisi tulio hai."

Alisema hivyo bila ubaya. Ndivyo watu wa namna yake wanavyokuumiza, kwa sauti ya kukutuliza.

"Wale wa nyumba ya mazishi wanaomhifadhi umewaambia nini?"

"Walipokuuliza wewe ulijibu nini?"

"Nilisema baba atasema."

"Basi. Baba amesema." Akashika tumbo, akafungua mlango wa kulia, akashuka.

Mwanamke mwingine angepiga kelele hapo. Edna alisuuza kikombe. Akakisuuza tena. Alitambua kwamba anapaswa kuwa na hasira, kama mtu anavyotambua kwamba nje kunanyesha huku yeye yuko ndani. Kitu kimoja tu kilimkaa akilini, swali la binti yake Abigail, ambaye siku hiyo walimpeleka kwa rafiki yake ili asichoke na wageni. Mtoto alikuwa ameuliza kwa Kiingereza chake, "Will it be close enough to drive?" Baba atalala mahali pa kufika kwa gari?

Edna alimjibu ndiyo. Alimjibu kwa sababu babu alikuwa ameahidi.

Mlango wa kushoto ukafunguka, akaingia Wairimu, mwanamke mnene mwenye kujiamini. Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni lake la kanisani.

"Mama Abigail, pole tena. Unga ya wimbi iko wapi?"

"Kabati la juu. Ya nini?"

"Si mzee. Ako na shida mbaya. Anaenda toilet kila saa, na vile ni mtu wa miaka, ata-dehydrate. Siwezi kaa huko niki-discuss mambo ya cemetery na mtu anaumwa. Wacha nimpikie uji nyepesi."

Kabla Edna hajajibu, sufuria ilikuwa motoni. Wairimu alikoroga, akaomba limau, akaomba sukari kidogo tu. Edna akampa kila alichoomba.

Mlango wa kulia ukafunguka. Akapanda Leokadia, mama wa Kitanzania ambaye kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao, na katika msiba huu amekuwa kama mama mkubwa wa kila mtu.

"Edna mwanangu, mchele mnaweka wapi? Brigedia tumbo limemkamata kweli kweli. Namchemshia maji ya mchele, nitie na chumvi, atatulia."

Kisha akamwona aliyesimama jikoni.

"Wairimu?"

"Leokadia. Na si ulisema leo uko job?"

"Nilibadilishana zamu nije kwenye kikao."

"Kikao gani?"

"Cha Brigedia. Hapo chini."

Mwiko wa Wairimu ukasimama ndani ya uji. "Hapana. Meeting ya Brigadier iko sitting room. Mimi natoka huko."

"Mimi natoka chini. Yupo pale sasa hivi, na kila mara anatuaga anakwenda chooni."

"Na sisi ametuambia hivyo hivyo. Ya tatu hii."

Wakatazamana. Kisha wote wawili, bila kuambizana, wakatoka wakaenda kwenye kile choo cha karibu na mlango wa mbele. Mlango ulikuwa wazi, taa imezimwa, kifuniko kimefunikwa, na taulo la wageni limekunjwa vilevile Edna alivyolikunja asubuhi.

Mario hakukutana na balaa hili. Nyumbani kwake Roma alitaja tumbo na wageni wakaketi wanamngoja. Kwetu sisi ukitaja tumbo unapikiwa. Mwongo wa tumbo miongoni mwa watu wetu ajiandae kunywa uji, na Brigedia, pamoja na akili zake zote, hilo alilisahau. Alisoma sana habari za Warumi, akasahau kina mama wa kanisani kwake.

Uji ulianza kufurika. Edna akazima jiko.

Wairimu alirudi akiwa ameshamwita mumewe. Simiyu akaja na wenzake, wakajaa mlango wa kushoto. Leokadia alikuwa ameita kutoka juu ya ngazi, "Ambakisye, hebu njoo uone." Na wakati huo huo Brigedia akapanda kutoka chini akiwa mbele ya Ambakisye na watu wake, mkono tumboni, sentensi ikiwa tayari mdomoni.

"Samahanini, ni hili tu—"

Akaona nyuso. Mkono ukashuka polepole kutoka tumboni.

"Chairman," Simiyu alisema, "hii ni nini sasa? Tumekaa hapo tuki-plan mazishi ya kesho, kumbe huku chini kuna watu wengine?"

"Mazishi ya nani kesho?" Ambakisye aliuliza nyuma ya mgongo wa Brigedia.

"Ya brother yako. Hapa Maryland. Mzee ametuambia family ishakubali."

"Kaka yangu kesho anapanda ndege. Mzee ametuambia mjane ameshakubali."

Wote wakamgeukia Edna. Edna aliwatazama kama mtu anayetazama wageni wa nyumba ya jirani.

Ungekuwa wewe, msomaji, ungekimbia kupitia bustanini. Brigedia hakukimbia. Alijinyoosha, akapanda kidato cha mwisho cha ngazi, akasimama katikati ya jiko lake kana kwamba ndipo alipopanga kusimama tangu asubuhi. Mvulie kofia mtu huyu, hata kama humpendi.

"Nimewaita wote," alisema. "Kwa makusudi."

Akamtazama Simiyu, kisha Ambakisye.

"Jeshini nilifundishwa kwamba ukitaka kupatanisha watu wawili, usiwaweke chumba kimoja kabla hujamsikiliza kila mmoja peke yake. Nimewasikiliza ninyi wa chini. Nimewasikiliza ninyi wa juu. Tumbo nimelisingizia, nakiri, mnisamehe, ni mzee nilikosa njia nyingine. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyemsikiliza mwenye msiba. Edna ndiye mjane. Atakachosema Edna, mimi na Umoja mzima tutakitii."

"Hilo ni neno," akasema Leokadia.

Simiyu alikuna kidevu, akatikisa kichwa kukubali. Hata Ambakisye alilegea mabega. Pale pale, mbele ya uji uliomwagika, walikuwa wameshamsamehe. Mtu aliyewadanganya kutwa nzima alikuwa ameshageuka mpatanishi wao, na Jumamosi yake ilikuwa imerudi salama.

Brigedia alimtazama binti yake. Macho yake yalikuwa matulivu, kwa sababu jibu alilijua. Edna alikuwa na maneno mawili tu kwa mambo makubwa. Alipoulizwa asome nini, alisema baba atasema. Gwakisa alipokuja kuposa, alisema baba atasema. Nyumba ya mazishi ilipomuuliza mumewe alazwe wapi, alisema baba atasema. Mzee alisubiri maneno hayo mawili kama mtu anayesubiri chenji yake.

"Baba," Edna alisema, "ile hadithi ya milango miwili hukuwahi kuimaliza."

"Hadithi gani?"

"Ya Mario. Kila siku uliishia kwenye tumbo, tunacheka, tunalala."

"Edna, si wakati wake."

"Niliimaliza mwenyewe, nilipokuwa chuo."

Wairimu alimnong'oneza mumewe, "Mario ni nani?" Simiyu akainua mabega.

"Ni jemadari wa zamani," Edna alimjibu, kwa sauti ile ile bapa aliyoitumia kuonyesha kabati la unga. "Baba anampenda. Alikuwa na wageni wawili kwa mpigo kama leo, na tumbo kama leo. Yule aliyeingilia mlango wa pili alikuwa rafiki yake. Mji ulipochafuka, Mario akachukua silaha dhidi ya rafiki huyo. Rafiki akajisalimisha kwa sababu Mario alimpa ahadi kwamba hatauawa. Wakamfungia kwenye jumba la baraza pamoja na wenzake, ati wawe salama. Watu wakapanda juu ya paa, wakang'oa vigae, wakawapiga navyo humo ndani mpaka wakafa."

"Na huyo Mario akafanya nini?" Leokadia aliuliza.

"Hakufanya kitu. Alikuwa konsuli. Mara ya sita."

Brigedia alikohoa. "Aliipata na ya saba."

"Aliipata, baba. Akawaua watu wengi kuifikia, na hakumaliza hata mwezi, akafa."

Edna alichukua simu yake mezani.

"Kabla sijasema chochote, nataka kusikia jambo moja."

Alimpigia Wayne, Mmarekani mpole anayesimamia ile nyumba ya mazishi, mtu ambaye Jumapili na Jumatatu kwake ni sawa. Akaweka simu juu ya meza, sauti ikasikika jiko zima. Walizungumza Kiingereza, nami nakuwekea kwa lugha yetu.

"Bwana Wayne, baba yangu alikuambia kesho iwe nini?"

"Kesho?" Zikasikika karatasi zikifunuliwa. "Kesho hakuna kitu, mama. Brigedia alipiga Ijumaa. Alisema familia bado inazungumza, tumhifadhi mumeo mpaka wiki ijayo, baada ya Jumamosi. Alisema wewe unajua."

Wayne akangoja. Hakujua kwamba anasikilizwa na jiko lililojaa watu.

Haikuwa ndege wala haikuwa udongo. Gwakisa alikuwa ameachwa kwenye jokofu, angoje kura.

Ambakisye alikaa kwenye ngazi. Alikaa tu, kama mtu aliyekatwa miguu, akafunika uso kwa viganja. Wairimu, adui yake katika ugomvi wa Umoja, alimwendea akamshika bega.

"Ni siku chache," Brigedia alisema. "Chache tu. Baada ya hapo ningemtuliza kila mtu."

"Kwenye baridi," Edna alisema.

"Hasikii baridi, mwanangu."

"Najua. Na mimi sisikii."

Akainamia simu. "Bwana Wayne, kuanzia sasa usimsikilize baba yangu. Nisikilize mimi."

"Sawa, mama. Unataka tufanyeje?"

Edna alimfikiria Abigail kwenye kiti cha nyuma cha gari, maua mapajani.

"Lile eneo tulilolitazama hapa Maryland. Lingali lipo?"

"Lipo. Ukisema sasa, Jumanne asubuhi tunazika."

"Sema na wenye makaburi, tumzike."

Watu wa udongo walishusha pumzi. Mmoja alianza kusema Bwana asifiwe, akamwona Ambakisye pale kwenye ngazi, akameza maneno yake. Simu ilikatwa.

Nilidhani, nawe labda ulidhani, kwamba Ambakisye atawaka. Ndugu wa marehemu huwaka kwa mambo madogo kuliko hayo. Yeye aliinuka, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Sawa, shemeji. Umesema wewe, si Brigedia. Nakubali. Lakini mama yuko kule nyumbani Tukuyu anasubiri ndege. Mimi siwezi kumwambia. Mwambie wewe mwenyewe."

Akabonyeza simu yake, akamkabidhi.

Kule ilikuwa usiku. Picha ilikuwa nyeusi tupu, umeme ulikuwa umekatika, ila sauti ilikuwa safi, ya kusikika na wote, na nyuma ya sauti mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu Edna. Umekula?"

"Nimekula, mama." Hakuwa amekula.

"Kula. Usimwache mtoto akakuona huli." Mvua ikazidi nyuma ya sauti ya bibi. "Hapa mvua haituachi. Vijana walimaliza kuchimba, nyumba yake iko tayari, karibu na baba yake. Wameweka mabati juu lakini maji yanapita. Wanayachota kwa ndoo, yanajaa tena."

Edna alishika ukingo wa meza. "Mama, nani aliwaambia mchimbe?"

"Baba yako. Alinipigia mwenyewe, mzee wa watu, na heshima zake zote. Akasema, mama, chimbeni, mwanao anakuja, hilo ni neno la mwanajeshi. Ndipo nikawaita vijana."

Hakuna aliyethubutu kumtazama Brigedia. Walitazama sakafu.

"Sasa wazee wanakesha hapa nami," bibi aliendelea. "Kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, wewe unalijua hilo, uliolewa kwetu. Wananiuliza anafika lini. Niwaambie nini, mwanangu?"

Hapo ndipo vidole vya Edna vilipoanza kuuma. Chai ile ile ya moto, iliyomwagika alipokuwa kwenye ngazi, ilimfikia sasa. Aliutazama mkono wake, ukiwa mwekundu na umevimba, akashangaa kwamba ni wake. Maumivu yalipanda mpaka kifuani, na machozi yakatoka bila kuombwa. Alilia kwa utulivu, simu mkononi. Alijua kaburi lile limechimbwa kwa ajili ya nani, na kwamba mtu huyo hatafika, na kwamba jambo hilo amelisema yeye.

Lakini ahadi aliyopewa bibi haikuwa yake.

Alipangusa macho kwa mkono usiouma. Akageuka.

"Mama," alisema kwenye simu, "baba atasema."

Akamnyooshea Brigedia simu.

Mzee aliitazama. Mlango wa kushoto ulikuwa umejaa watu, na wa kulia vilevile, hakukuwa na pa kupita. Hakuna aliyempandia paa. Walisimama tu, akina Simiyu huku na akina Ambakisye kule, uji ukiganda jikoni, wakimngoja. Wairimu alikuwa bado ameshika bega la Ambakisye, na Leokadia alikuwa ameshika mkono wa Wairimu.

Brigedia akaipokea simu. Mtu aliyehutubia majeshi, wilaya na mikutano mitatu ya kanisa kwa wiki, aliishika mbele ya uso wake na hakupata hata salamu. Mkono wake mwingine ulikwenda wenyewe tumboni, ukakaa hapo.

"Brigedia?" sauti ya bibi iliita kutoka Tukuyu, mvua ikiifuata. "Ni wewe? Haya, nakusikiliza."